"Moto Hautoshi": Somo la Betri na Umeme wa Pikipiki kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, yananuia kumweleza msomaji hatua kwa hatua jinsi ya kupima, kuboresha na kufuatilia betri na mfumo wa umeme wa pikipiki ndogo, ya aina inayotumiwa na wahudumu wa bodaboda nchini Kenya. Pili, yananuia kuonyesha kuwa somo kama hilo linaweza kutolewa kwa Kiswahili fasaha, mradi tu tusilibebeshe neno moja mzigo wa maneno matatu.

Chanzo cha makala ni cha kinyumbani. Ndugu yangu mdogo ni mhudumu wa bodaboda mjini Eldoret. Pikipiki yake ni ya mkopo, na malipo hufanywa kila siku, awe amepata abiria au hakupata. Katika muda wa miezi minane alinunua betri mbili, ya pili ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Hata hivyo, alfajiri pikipiki iliendelea kukataa kuwaka kwa stata. Kila alipopelekea fundi shida yake, jibu lilikuwa moja: "Moto hautoshi. Tafuta betri kubwa." Betri kubwa ilipatikana, nayo ikafa kama mwenziwe. Usiku mmoja alinipigia simu akasema, "Kaka, wewe ndiye umesoma. Hebu niambie, huu moto unakwenda wapi?"

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na swali lile lilinikuta mtupu. Niliazima mita ya kupimia umeme, nikasafiri, nikakaa naye Jumapili mbili uani tukipima na kuandika. Tuliyoyaona ndiyo yanayofuata.

2.0 Neno "moto" na maana zake tatu

Lugha yetu imelipata jina la nishati hii kutoka vyanzo mbalimbali. Umeme ni mwako wa radi uliohamishiwa kwenye waya. Stima, neno litumikalo sana Kenya, lilianzia kwenye mvuke na meli za mvuke kabla ya kuingia majumbani mwetu. Kwenye gereji neno litawalalo ni moto: waya wa moto, moto unaingia, moto umekatika. Ni neno zuri, fupi, na kila mtu analielewa. Tatizo lake ni kwamba linataja mambo matatu tofauti kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa tangi la maji lililo juu ya paa la ploti. Kuna kimo cha tangi, ambacho huyapa maji msukumo. Kuna wingi wa maji yanayopita kwenye mfereji kwa dakika moja. Kuna, hatimaye, ujazo wa tangi lenyewe. Mpangaji akilalamika kuwa "maji hayatoshi", huenda tangi liko chini mno, au mfereji umeziba, au tangi ni dogo, au maji yanayoingia ni machache kuliko yanayotoka. Kununua tangi kubwa hutibu moja tu kati ya maradhi hayo.

Umeme wa pikipiki uko vivyo hivyo. Msukumo hupimwa kwa volti, nao huitwa volteji. Wingi unaopita hupimwa kwa ampea; huu ndio mkondo, neno tulilokuwa nalo tangu zamani kwa maji ya mto na ya bahari. Ujazo wa betri huandikwa ubavuni mwake kwa ampea-saa. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 5 inaweza, kwa hesabu ya karatasini, kutoa ampea 1 kwa saa 5, au ampea 5 kwa saa 1. Tukizidisha volti kwa ampea tunapata wati, kipimo cha nguvu inayotumika. Taa ya wati 36 kwenye betri ya volti 12 hunywa ampea 3.

Fundi aliposema "moto hautoshi", alikuwa ameona stata ikishindwa kuzunguka, na hapo alisema kweli. Ndugu yangu alisikia kwamba ujazo ni mdogo, akanunua ujazo. Shida ilikuwa mahali pengine kabisa, na neno moto halikuwa na njia ya kumwonyesha.

3.0 Kupima: namba zinasema nini?

Betri ya kawaida ya pikipiki ni ya risasi na asidi ya salfa. (Mwanafunzi wa semantiki atatambua hapa kwamba risasi ni madini kabla ya kuwa kitu cha kutiwa ndani ya bunduki.) Ndani yake mna seli 6, na kila seli ina takriban volti 2.1. Kwa hiyo betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa huonyesha takriban volti 12.6 hadi 12.7. Ikionyesha 12.4, imebaki na kama robo tatu, 12.2, nusu, 12.0, robo. Ikishuka chini ya 11.8 ni tupu, na kuiacha hivyo kwa siku nyingi ni kuiua, kwa sababu fuwele za salfeti ya risasi hukomaa juu ya bamba zake na kuzuia chaji kuingia tena.

Mita huwekwa kwenye volti za mkondo wa upande mmoja, waya mwekundu ukashikwa kwenye ncha chanya na mweusi kwenye ncha hasi. Vipimo vya lazima ni vinne:

(a) Betri ikiwa imelala usiku kucha, kabla ya kuwasha. Kipimo hiki huonyesha hali ya betri.
(b) Stata inapozunguka. Volti zikiporomoka chini ya 10 au karibu na hapo ilhali betri imejaa, betri imechoka.
(c) Injini ikinguruma kwa mwendo wa kati, vyombo vya ziada vikiwa vimezimwa. Kipimo kiwe kati ya 13.5 na 14.5. Kikibaki chini ya 13, chaji haiingii ipasavyo. Kikipita 15, kidhibiti kimeharibika na betri inapikwa.
(d) Kama (c), lakini kila kitu kikiwa kimewashwa: taa, redio, chaja ya simu.

Pikipiki ya ndugu yangu ilitoa namba hizi: (a) 11.9, (c) 14.1, (d) 12.4. Kipimo cha (b) hakikuwa na maana kwa betri iliyokwisha kuishiwa. Msomaji atazame tofauti ya (c) na (d). Mfumo wa kuchaji ulikuwa mzima. Ulipobebeshwa vyombo vyote ukalemewa. Kila usiku alipokuwa kazini, betri ilikuwa ikitoa badala ya kupokea.

4.0 Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la umeme lina kurasa mbili: mapato na matumizi.

Mapato hutoka kwenye magineto, yaani koili zilizo ubavuni mwa injini pamoja na sumaku inayozizunguka. Umeme wake huenda na kurudi, hivyo hupitishwa kwenye kifaa ambacho mafundi hukiita rektifaya. Kifaa hicho huunyoosha uwe wa upande mmoja na kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Jambo la kukumbuka ni kwamba magineto ina kikomo, na kikomo hicho hufikiwa injini inapokwenda kasi. Injini ikiunguruma polepole kwenye foleni, mapato hushuka sana. Ikizimwa kwenye steji huku redio ikiendelea kuimba, mapato ni sufuri.

Tuchukue kwa mfano magineto inayoweza kutoa wati 90 kwa mwendo mzuri. Matumizi ya asili yalikuwa haya: mfumo wa kuwasha cheche wati 15, taa kubwa ya mbele 35, taa ya nyuma 5, taa za dashibodi 3. Jumla ni wati 58, na ziada ya kuichaji betri ilikuwapo. Kisha ndugu yangu aliongeza taa mbili za mwanga mkali za wati 20 kila moja, redio ya wati 20 na chaja ya simu ya wati 10. Nyongeza ni wati 70, jumla ikawa 128. Upungufu ni wati 38, ambazo ni takriban ampea 3.2 zinazochotwa kwenye betri.

Sasa tuipime ile nasaha ya "betri kubwa". Betri ya ampea-saa 5 ingemalizwa na upungufu huo kwa muda wa kama saa moja na nusu. Betri ya ampea-saa 9 ingedumu takriban saa mbili na dakika hamsini. Zote mbili zingekuwa tupu kabla ya usiku wa manane. Ile kubwa iliahirisha msiba kwa saa moja na dakika ishirini, nayo ililipiwa kwa akiba ya wiki kadhaa.

Kabla ya kuondoka kwenye daftari, tuchunguze pia wezi wa usiku. Swichi ikiwa imefungwa, kifaa cha kufuatilia pikipiki cha mwenye mkopo, au alamu, huendelea kunywa. Ili kupima, waya wa ncha hasi hufunguliwa na mita ikiwekwa kwenye ampea hupachikwa kati ya waya huo na ncha, bila kuigusa stata, kwani mkondo wake unaweza kuunguza fyuzi ya mita. Ampea 0.05 huonekana si kitu, lakini huimaliza betri ya ampea-saa 5 katika saa 100, yaani siku nne za kuugua kitandani.

5.0 Kuboresha kwa utaratibu

Ni kosa kuanzia uboreshaji kwenye betri. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu.

Kwanza ni usafi wa maungio. Ncha za betri hushika ukungu mweupe au wa kijani, na waya wa ncha hasi unaofungwa kwenye fremu hushika kutu. Mafundi huuita waya wa arthi, neno lililotoka Kiingereza huku mwenzake wa Kiarabu, ardhi, akiwa amekwishakaa nasi karne nyingi. Kutu huongeza ukinzani, na ukinzani hula volti njiani. Msasa na spana vinatosha. Wakati wa kufungua, anza na ncha hasi. Wakati wa kufunga, malizia nayo. Sababu ni kwamba spana ikigusa ncha chanya na fremu kwa pamoja ilhali ncha hasi imefungwa, hutokea shoti inayoweza kuyeyusha chuma na kuchoma mkono.

Pili ni kupunguza matumizi. Ndugu yangu alibadilisha balbu ya mbele akaweka ya LED ya wati 12, ya nyuma ya wati 1, zile taa mbili za mwanga mkali akaweka za wati 10 kila moja, na redio ndogo ya wati 10. Daftari likasomeka hivi: cheche 15, mbele 12, nyuma 1, dashibodi 3, taa za ziada 20, redio 10, simu 10. Jumla wati 71 dhidi ya mapato ya wati 90. Hapa kuna tahadhari moja. Katika pikipiki kadhaa ndogo, taa kubwa ya mbele hulishwa moja kwa moja na magineto bila kupitia betri. Dalili yake ni kuwa huzimika injini inapozimika, na hung'aa au kufifia kufuatana na mwendo. Kwa pikipiki ya namna hiyo, kubadilisha balbu pekee hakuiokoi betri, na balbu ya LED isiyotengenezwa kwa umeme wa kwenda na kurudi itameta au kuungua.

Tatu ni njia ya kupitishia mkondo. Taa za ziada zisining'inizwe kwenye waya mwembamba wa swichi ya asili. Ziwekewe waya wao mnene kutoka kwenye betri, zipitie relei inayoamriwa na swichi, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya. Fyuzi ipo kuulinda waya. Kama mkondo wa kawaida ni ampea 3, fyuzi ya ampea 5 inafaa. Kuifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya sigara ni kuugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, nao hupita chini ya tangi la petroli. Hapa neno moto hurudia maana yake ya kwanza.

Nne, na mwisho, ni betri. Betri ya maji huhitaji kuongezewa maji yaliyokenekwa kila kiwango kinaposhuka. Maji ya kisima yana madini ambayo hudhuru bamba. Asidi nayo haiongezwi, kwa kuwa kinachopungua ni maji. Betri iliyofungwa haihitaji kazi hiyo na huvumilia mtikisiko zaidi. Betri ya lithiamu ni nyepesi mno na hudumu, lakini bei yake ni ya juu, na ni lazima rektifaya iwe inadhibiti volti vizuri. Aidha, jedwali la namba hubadilika. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti hukaa karibu na volti 13.2 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha huporomoka ghafla. Volti 12.6, ambazo kwa betri ya risasi ni shibe, kwa hii ni njaa. Kama ilivyo kwa neno, namba haina maana kamili nje ya muktadha wake.

6.0 Kufuatilia

Voltimita ndogo ya kidijitali huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vipuri. Ifungwe karibu na dashibodi, iunganishwe kwenye waya unaokufa swichi inapofungwa, isije nayo ikawa mwizi wa usiku. Mwendeshaji hahitaji kukariri fizikia. Anahitaji mazoea matatu: kutazama asubuhi kabla ya kuwasha, kutazama akiwa mwendoni, na kutazama baada ya kuwasha chombo kipya. Ikiwa namba ya mwendoni ni chini ya 13 kwa muda mrefu, azime kitu kimoja. Ikipita 15, aende kwa fundi siku hiyo hiyo. Ikiwa namba ya asubuhi inashuka wiki hadi wiki ilhali ya mwendoni ni nzuri, betri inazeeka, na ana muda wa kujiandaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ile betri ya pili iliyokuwa ikingoja kutupwa tuliichaji kwa chaja ya nje kwa ampea 0.9, sehemu ya kumi ya ujazo wake, usiku kucha. Asubuhi iliyofuata, baada ya kupumzika, ilisoma 12.5. Haikurudi ujana wake, lakini stata iliitika, na betri ya tatu haikununuliwa.

Betri iliyokufa kabisa nayo ina haki ya kuzikwa vyema. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya Mahakama ya Rufaa kuutengua. Betri isivunjwe uani wala asidi isimwagwe mtaroni. Irudishwe kwa muuzaji.

7.0 Funzo la istilahi

Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, Kiswahili hakijakosa istilahi za umeme. Kilichokosekana ni daraja kati ya kamusi na gereji. Nilipomwambia fundi wa ndugu yangu "mkondo" na "ukinzani", alinitazama kwa heshima akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya darasani." Nilipomweleza tangi la ploti, kimo chake, mfereji wake na ujazo wake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe moto unaweza kuwa na nguvu na uwe mchache." Maneno hayo, kwa maoni yangu, ni fasili sahihi ya tofauti kati ya volteji na mkondo, na yalitoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kuifungua kamusi hiyo.

Kwa hiyo sipendekezi kulifuta neno moto. Napendekeza ligawanywe kwa maneno ambayo fundi anayo tayari: nguvu ya moto kwa volti, mkondo wa moto kwa ampea, na ujazo wa betri kwa ampea-saa. Mwalimu akianzia hapo, istilahi za kamusi zitapokelewa kama majina rasmi ya vitu vinavyojulikana. Tukumbuke kwamba hata bodaboda halikubuniwa na kamati. Lilizaliwa kwa waendesha baiskeli wa mpaka wa Kenya na Uganda, na leo limo katika kamusi zetu.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa betri nyingi hulaumiwa kwa dhambi za daftari lisiloandikwa, na kwamba vipimo vinne, hesabu ya kujumlisha na kutoa, na uboreshaji unaoanzia kwenye maungio badala ya dukani vinaweza kumwokolea mhudumu wa bodaboda mapato yake. Yameonyesha pia kuwa uhaba wa maneno unaweza kuwa gharama ya fedha taslimu. Nawahimiza wanachama wenzangu, hasa wanaotafuta mada za tasnifu katika isimu na istilahi, waende gerejini na daftari. Wakifika, waulize kwanza jina la kila kitu, wasikilize, kisha ndipo wafungue kamusi.

Ndugu yangu bado analipa mkopo wake. Juzi alinitumia ujumbe mfupi wa simu wenye namba moja tu: 12.6.